Mfalme Asiyekuwa na Mtani

Mwalimu Winifrida Komba alikuwa amewaangusha wafalme wengi kuliko jeshi lolote duniani. Kwa miaka thelathini na mbili, kila mwaka wa masomo, alimwangusha wa Ufaransa kabla ya mapumziko, akamng'oa wa Urusi baada ya uji, na wa Uhabeshi akamwacha kwa wiki inayofuata, maana huyo alihitaji vipindi viwili. Alistaafu na sauti ileile, na mgongo uleule ulionyooka kama rula, na vipande vya chaki alivyovifunga kwenye leso na kuvitia katika mkoba, hata siku za kwenda kanisani.

Sasa alikuwa na miaka sitini na sita, na alikaa peke yake. Nikisema peke yake sipambi maneno. Nyumba aliyopanga Mtaa wa Mchikichi ilikuwa ya kizamani, vyumba sita, korido katikati, uani bomba na choo. Wakati mumewe yu hai, vyumba vyote vilikuwa na watu, na ukitaka chumvi ulipaza sauti tu. Kisha Kariakoo ikapanda bei. Wapangaji wakahama mmoja mmoja, na kila chumba kilichoachwa kikachukuliwa na mfanyabiashara kuwa stoo. Majirani wa Mwalimu wakawa maboksi: huku chupa za chai, huku viatu vya plastiki, huku nywele bandia, na makufuli matano yakining'inia koridoni. Wapagazi walikuja asubuhi, wakapakia, wakaondoka. Aliyekuwa akilala mle ni yeye na panya.

Anayedhani upweke unapatikana porini hajakaa Kariakoo. Saa sita mchana, nje ya mlango ule, watu walisukumana mpaka mikokoteni ikakosa njia, wauza nguo wakaita kwa vipaza sauti, na hakuna hata mmoja aliyeita jina la Winifrida. Alipika wali wa kikombe kimoja. Akiivisha, alipakua sahani moja, akala akiisikiliza redio, na mara nyingine akamjibu mtangazaji.

Mumewe, Benedikti, karani mstaafu wa reli, alifariki miaka mitano iliyopita. Mwana alikuwa naye mmoja tu, Samson, na Samson aliishi Kigamboni. Si Ulaya, ni Kigamboni. Unakwenda Magogoni, unapanda pantoni, na kabla karanga zako hazijaisha umefika ng'ambo. Lakini mama na mwana hawakuwa wameonana kwa miaka mitatu, na huko Kigamboni kulikuwa na mjukuu wa kike ambaye Mwalimu hajawahi kumtia machoni. Jambo hili ndilo lililokuwa likimla, siku zote, hata alipojifanya anasoma gazeti.

Ukimuuliza kosa ni la nani, angekwambia bila kumeza mate: la Samson. Mtoto alipozaliwa, Samson alituma ujumbe wa simu. "Mama, tumepata mtoto wa kike. Tunakuomba uje." Basi. Mwalimu aliutazama ule ujumbe akaona ametukanwa. Mjukuu wa kwanza anatangazwa kwa simu kama mnada wa viatu? Kwao Songea, habari ya uzazi huletwa na mtu kwa miguu yake. Anakaribishwa, anapewa maji, anakaa, ndipo anasema. Hakujibu. Akangoja mjumbe. Siku ya tatu ukaja ujumbe mwingine: "Mama, umeona ujumbe wangu?" Huo nao hakuujibu, na akaendelea kungoja mjumbe. Aliweka hata soda kabatini kwa ajili yake. Soda ilikaa mpaka ikapitwa na tarehe, akaimwaga uani.

Alikuwa na daftari la siku, alilolianza tangu Benedikti afe. Kurasa zake nyingi zilikuwa na neno moja: "Hakuna."

Siku za Alhamisi alasiri alifundisha twisheni, Mtaa wa Udowe, chumba cha juu ya duka la madaftari la Kalpesh. Kalpesh hakumdai kodi ya chumba, kwa kuwa Mwalimu aliwahi kumfundisha, na mpaka leo akimwona alisimama wima nyuma ya kaunta. Zamani chumba kilijaa wanafunzi arobaini. Siku hizi watoto wanajifunza kwa simu, na aliyebaki alikuwa mmoja: Idrisa, mwanamume wa miaka arobaini na tatu, Mmwera wa Nachingwea, muuza mabegi ya safari Mtaa wa Kongo. Binti yake alikuwa kidato cha tano, na Idrisa alikuwa ameapa kwamba mtihani wa kidato cha sita wataufanya mwaka mmoja, yeye kama mtahiniwa wa kujitegemea, aone nani atamcheka mwenzake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa dakika nne."

"Mteja alikuwa ananisumbua zipu."

"Zipu haitakuja kwenye mtihani. Kaa."

Swali la siku hiyo alikuwa ameshaliandika ubaoni: Linganisha sababu za mapinduzi dhidi ya wafalme katika nchi mbalimbali. Chini yake alichora safu nne, Ufaransa, Urusi, Uhabeshi na Iran. Unguja hakuiweka. "Hiyo tutaisoma mwisho, na kwa adabu," alisema. "Wenyewe wapo, wa pande zote, na wengine unawauzia mabegi."

Akaanza. Ufaransa hazina ilikuwa tupu, wakubwa hawatozwi kodi, mkate umepanda bei mpaka kibarua anamaliza ujira wake kwa mwokaji. Urusi ilikuwa vita, na kina mama waliopanga foleni ya mkate kwenye theluji mpaka foleni yenyewe ikageuka maandamano. Uhabeshi njaa iliua watu mikoani ikafichwa isisemwe, kisha wanajeshi wa kambi moja wakachoshwa na chakula kibovu na maji mabovu. Alipotumwa jenerali kuwatuliza wakamshika, wakamlisha kilekile wanachokula wao. Idrisa alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

"Iran nayo?" akauliza. "Njaa?"

"Iran walikuwa na mafuta. Fedha ilikuwa nyingi, ila ilipita juu ya vichwa vya watu. Mfalme alifanya karamu jangwani, chakula kikaletwa kwa ndege kutoka Paris."

Idrisa alitazama ubao. "Sasa mbona hazifanani? Huyu kaanguka kwa kukosa fedha, huyu kwa kuwa nazo. Huyu vita, huyu hana vita."

"Ndiyo maana tunalinganisha," Mwalimu alisema, na hapo alikuwa kwenye uwanja wake, macho yakimng'aa. "Mwanafunzi mvivu huandika mkate. Mkate ni cheche. Cheche bila kuni inazimika. Tafuta kuni, zilikusanywa lini na nani. Mfalme wa Ufaransa, siku watu wanavunja gereza la Bastille, ameandika kwenye kitabu chake neno moja: hakuna. Hajapata windo siku hiyo, basi kwake hakuna kilichotokea. Wa Urusi aliletewa simu ya maandishi na spika wa bunge lake kwamba mji mkuu unawaka. Unajua alisema nini? Yule mnene ameniandikia upuuzi, hata sitamjibu. Wiki haijaisha vizuri, hana ufalme."

Alikuwa akiisimulia hivyo miaka yote, na darasa lilicheka miaka yote. Safari hii alinyamaza katikati. Sijui kama ni neno "hakuna" au ni "sitamjibu", lakini aligeukia ubao akafuta kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Idrisa hakuona. Alikuwa akikuna kidevu. "Mwalimu, niulize swali la kijinga?"

"Uliza."

"Hawa wafalme hawakuwa na watani?"

"Watani?"

"Si mtu tu wa kumwambia ukweli. Kwetu mkubwa akizidi, mtani wake anamsema mbele za watu, na hawezi kumgusa. Hao wote naona wamezungukwa na watu wa ndiyo mzee. Mtani alikuwa wapi?"

Mwalimu alikuwa na jibu, maana jibu alikuwa nalo daima. Wafaransa walikuwa nao, alisema. Wafalme wao waliweka mchekeshaji wa ikulu, mwenye ruhusa ya kumkejeli mfalme mezani. Lakini cheo hicho kilikufa yapata miaka mia kabla ya mapinduzi.

"Basi kuni zilianza kukusanywa siku hiyo," Idrisa alisema, akaandika.

Mwalimu Winifrida akavuta kiti, akakaa. Hakuwahi kukaa akifundisha. "Kipindi kimekwisha," alisema, na ilikuwa bado nusu saa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipita katikati ya watu bila kuwaona, akakaa koridoni mbele ya chumba cha nne, chenye nywele bandia. Hicho ndicho kilichokuwa chumba cha Celina.

Celina alikuwa Mhehe wa Iringa na Winifrida Mngoni, kwa hiyo watani wa kabila. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu, na walipochoka kuuana wakaamua kuchekana. Mtani kwenye msiba ana ruhusa kumpita padri: huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, huwasema wafiwa, na hatoki mpaka apewe chochote. Hakuna wa kukasirika. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako.

Kwenye msiba wa Benedikti, Celina alivaa koti na kofia ya marehemu, akatembea akiburuta mguu kama yeye, akiitafuta treni ya kwenda mbinguni. Watu walicheka huku wanalia. Kisha akavua kofia. Akashika kipande cha chaki, akanyoosha mgongo, akaweka mikono nyuma, akainua kidevu. "Wewe wa nyuma! Umelia vibaya! Rudia! Msiba huu una hoja tatu, naona mmelia moja!" Uani kote watu walianguka kwa kicheko. Samson, ambaye tangu baba yake akate roho hakuwa ametoa hata chozi moja, alicheka mpaka akaegemea ukuta, na machozi yakafuata.

Winifrida alisimama. "Celina, toka. Usikanyage tena mlango wangu."

Celina alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti, akaondoka bila kupewa kitu. "Mama," Samson alisema kwa upole, "mtani hafukuzwi." Naye akamjibu, "Wewe nyamaza." Mwezi haukuisha, Celina akahama. Tangu siku ile hakuna aliyemtania Winifrida, na yeye aliita hiyo heshima.

Jumamosi asubuhi alichukua bajaji mpaka Buguruni.

Celina alikuwa na kibanda cha supu na chapati karibu na magereji. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeingia mvi. Alipomwona Mwalimu amesimama na mkoba wake kifuani, aliweka chini upawa, akafuta mikono.

"Habari za siku, Mwalimu. Karibu ukae."

Maneno ya adabu tupu. Mgeni angeona amepokewa vizuri. Winifrida aliyasikia kama mlango unaofungwa, maana mtani anayekusalimu kwa adabu amekwisha kukuzika.

"Celina, nimekuja kukuomba—"

"Mtani haombwi radhi, Mwalimu," Celina alisema, bila ukali. "Unajua."

Alijua. Dawa ya utani ni utani, hakuna nyingine. Mafundi watatu wenye mikono ya grisi walikuwa wakila, na wote waliinua macho. Winifrida alikuwa mwanamke wa miaka sitini na sita ambaye hajawahi kusema mzaha katika maisha yake. Aliona jasho linamtoka shingoni. Akaitazama sufuria.

"Supu hii," alisema kwa sauti ileile ya kusoma maswali ya mtihani, "ni ya nini? Nimepita pale gereji, mbwa wao simwoni."

Ni mzaha mkongwe kuliko yote wanayotaniwa Wahehe, kwamba wanakula mbwa, na aliusema vibaya, lakini fundi mmoja alipaliwa chapati. Celina alimkazia macho kwa muda ulioonekana mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Jamani! Mngoni kaongea!" Alipiga makofi. "Ninyi mlimkimbia Shaka kwa miguu kutoka huko kusini kote, mnavuka mito na sufuria kichwani, kumbe mlikuwa mnamkimbia mfalme ili wewe uje kuwa mfalme Kariakoo? Mfalme wa maboksi! Keti hapa, mtumwa wangu, unywe supu. Mbwa mwenyewe bado mbichi."

Winifrida akakaa. Alikunywa supu, na machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Mafundi walipoondoka aliuliza alilojia. Kwa nini Samson hakumtumia mtu? Miaka mitatu anangoja mjumbe. Ujumbe wa simu alituma mara mbili, sawa, lakini mjumbe yuko wapi?

Celina aliacha kucheka.

"Alinituma mimi."

"Alikutuma wewe?"

"Angemtuma nani? Habari ya kumwambia mama mkali anapewa mtani. Tena siku ileile aliyokuandikia. Nilinunua hata sukari. Nilifika mpaka koridoni kwako, nikaisikia redio. Nikasimama. Nikakumbuka, usikanyage tena mlango wangu. Wiki iliyofuata akanituma tena, nikafika tena, nikarudi. Mtani akifukuzwa msibani hapiti mlango huo mpaka aitwe. Si kiburi, ndivyo tulivyolelewa. Nikangoja uniite."

Miaka mitatu Winifrida alimngoja mjumbe, na mjumbe alikuwa amesimama nje ya mlango, amefungiwa na yeye mwenyewe.

"Basi nieleze," alisema hatimaye. "Kosa langu na Samson ni lile la simu?"

"Lile la simu ni dogo." Celina alimwongezea supu. "Kwako mtu anaingia mgeni, anatoka amefeli. Leticia, mke wa Samson, alikuletea samaki wa sokoni Feri, siku ya kwanza, kavaa vizuri. Ukamuuliza kidato cha nne alipata daraja la ngapi. Samson tangu mdogo akikuletea kitu, unakigeuza kwanza kutafuta kosa. Baba yake ndiye alikuwa anaweka mzaha katikati. Baba alipokufa nikabaki mimi, na mimi ukanitoa."

Mwalimu aliyekuwa amewafundisha maelfu kutofautisha kuni na cheche alikaa kwenye benchi la Buguruni akiwa na bakuli mkononi, na aliumia kwa kila neno, na hakusahihisha hata moja.

"Mtoto ananijua?" aliuliza.

"Nikienda humpelekea habari zako. Kesho Jumapili. Twende, utajionea."

Pantoni ya Magogoni ilijaa watu waliotoka kanisani. Winifrida alishika chuma cha pembeni njia nzima, na Celina kwa mara hiyo moja hakumtania. Kigamboni walitembea kidogo kwenye mchanga mpaka nyumba ya matofali isiyopigwa lipu, yenye geti la bati lililokuwa wazi. Celina akabaki getini.

Mazoea yana taabu. Winifrida aliingia moja kwa moja, kama alivyoingia darasa lolote, na kabla hajavuka nusu ya uwanja alishaona maji yametuama chini ya bomba na kamba ya nguo imelegea, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Leticia alikuwa anapaa samaki, kisu kikamsimama mkononi. Samson alitokea mlangoni. Alikuwa amekonda, na anafanana na Benedikti kiasi cha kutisha.

Kati yao palikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu, peku, na kijiti mkononi. Alimtazama huyu bibi aliyenyooka, mwenye mkoba. Akamtazama Celina getini. Uso wake ukang'aa, kama mtu aliyeona kitu anachokijua vizuri. Akanyoosha mgongo. Akaweka mikono nyuma. Akainua kidevu.

"Wewe wa nyuma!" alipiga kelele. "Rudia!"

Leticia alijifunika mdomo. Hasira ya zamani ilipanda kifuani kwa Winifrida, ileile ya siku ya msiba. Hapo ndipo alipoelewa kwamba katika nyumba hii hakuwa na picha ukutani wala kiti, na kwamba kitu pekee kilichomweka hai humu kwa miaka mitatu ni mzaha ule aliomfukuzia Celina. Samson alikuwa akimtazama, akingoja kuona atafanya nini.

Akageuka. Akapita tena uwanja wote, akatoka nje, akalivuta geti la bati mpaka likafungika. Akabaki kwenye jua la njiani na mkoba wake, Celina kando.

"Hodi," alisema.

Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa hajabisha hodi popote. Mwalimu akiingia, watu husimama.

"Hodi hapa."

"Nani?" sauti ndogo ikauliza, kwa ukali wote wa ualimu.

Alifungua mdomo aseme Mwalimu Komba, kama alivyozoea, na jina halikutoka.

"Ni mama yake Samson," alisema. "Kama naruhusiwa."

Ndani mtu mzima alianza kutembea mchangani, taratibu, akija upande wa geti. Winifrida aliona kivuli cha miguu kwa chini ya bati kikisimama. Geti halikuwa na kufuli, angeweza kulisukuma kwa kidole. Hakulisukuma.